MAPAMBO YA CHUMBA CHA KULIA: SOMO KWA BWALO LETU NA KWA MIGAHAWA YA TUKUYU

Napenda katika toleo hili kueleza habari za sanaa na mapambo ya mahali pa kulia. Huenda baadhi ya wenzangu wakacheka, wakisema ya kuwa mtu mwenye njaa hatazami ukuta. Maneno hayo ni kweli kwa dakika tano za kwanza. Baada ya hapo tumbo hutulia, na macho huanza kutembea. Hapo ndipo mtu hujua kama yuko mahali pa heshima, au yuko mahali pa kujaza tumbo na kuondoka.

Nimechagua somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuta za bwalo letu zinatazamiwa kupakwa rangi upya wakati wa likizo, na kila mmoja ana shauri lake. Wako wanaotaka picha kubwa ichorwe ukutani, wako wanaotaka mapazia na maua ya plastiki, na wako wanaosema kuta ziachwe tupu. Ya pili, sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wa taifa mwezi wa Novemba, na baada ya hapo si wote watakaoendelea na kidato cha tano. Wilaya yetu ya Rungwe hupata wageni wanaokuja kutazama Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu katika Mto Kiwira, na Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 3,000. Wageni hao hula. Kijana anayejua kupanga chumba cha kulia vizuri ana kazi mkononi, hata kama hakupata nafasi ya kuendelea na masomo.

1. MAMBO YA KWETU

Wako wanaodhani ya kuwa kupamba mahali pa kulia ni desturi iliyoletwa na wageni. Si hivyo. Mwaka 1879 Mskochi mmoja kijana, Joseph Thomson, alipita katika nchi hii akielekea ndani ya bara. Mkuu wa safari, Keith Johnston, alikuwa amefariki njiani huko Behobeho, na Thomson akashika uongozi akiwa na umri wa miaka 21 tu. Alipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa alistaajabia usafi wa vijiji vya Wanyakyusa, nyumba zao zilizojengwa vizuri, na migomba iliyozunguka nyua zilizofagiliwa, akayaandika hayo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1881. Nyumba za wakati ule zilijengwa kwa mianzi na udongo uliofinyangwa kwa mikono, na aliyejenga hakuridhika na nyumba isiyovuja tu. Alitaka ipendeze pia.

Tena wazee wetu walikuwa na neno lao, ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha na wema, kula na kunywa pamoja na kuzungumza. Mama Monica Wilson wa Afrika ya Kusini na mumewe Godfrey walichunguza maisha ya Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu juu ya vijiji vya rika. Ameeleza jinsi vijana wa rika moja walivyokwenda kula pamoja, leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Kula peke yako hakukuwa sifa njema. Basi tukitaka kujua kanuni ya kwanza ya chumba cha kulia, tunayo tangu zamani: chumba kipangwe ili watu wakae pamoja na kuonana nyuso. Mapambo yoyote yanayozuia watu kuonana, kama shada kubwa la maua katikati ya meza, yamekwenda kinyume cha ukwangala.

Kwa upande wa vyombo, majirani zetu Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa ni mafundi wa siku nyingi. Akina mama wa kijiji cha Ikombe karibu na Matema hufinyanga vyungu bila gurudumu la mfinyanzi, wakavisugua mpaka vikawa laini, wakavichoma, kisha vikapelekwa sokoni kwa mitumbwi. Chungu cha Kisi ni chepesi, tena umbo lake la mviringo limekamilika kama lililopimwa kwa bikari. Hata hivyo, katika migahawa mingi ya mjini utaona ndoo ya plastiki imewekwa juu ya kiti, na chungu kimefichwa jikoni kana kwamba ni aibu.

2. MAMBO YA PWANI

Sasa tushuke mpaka pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, mafundi wa zamani walitengeneza ukuta wa ndani wenye vishubaka vingi vidogo vilivyochongwa katika chokaa. Vishubaka hivyo huitwa zidaka. Ndani yake waliweka vyombo vya kauri kutoka Uchina, vitabu, na vitu vingine vya thamani. Wasomaji wataona ya kuwa hapa pambo na kabati ni kitu kimoja. Hawakupachika pambo juu ya ukuta; ukuta wenyewe ulikuwa pambo.

Iko sababu nyingine ya zidaka, nayo inatufaa sana. Dari za nyumba zile zilishikwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki upana mkubwa. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake karibu mita 3 au pungufu. Chumba chembamba huelekea kuwa kama shimo. Zidaka, kwa vivuli vyake vingi vidogo, huufanya ukuta wa mwisho uonekane kama umerudi nyuma, na chokaa nyeupe husambaza mwanga mdogo uliopo. Fundi alishindwa kurefusha boriti, akarefusha macho ya mtu. Huo ndio ufundi.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, iko hoteli iitwayo Emerson on Hurumzi. Jumba lake la karne ya 19 lilikuwa la tajiri Tharia Topan, na baadaye Mmarekani mmoja aliyehamia Unguja, Emerson Skeens, aliyefariki mwaka 2014, alilifanya kuwa hoteli. Mahali pake pa kulia pako juu ya paa. Wageni huvua viatu, wakakaa chini juu ya mazulia na mito, na chakula huletwa mbele yao kwenye meza fupi. Hakuna ukuta wa kupambwa. Pambo ni mapaa ya mji, minara ya misikiti, na bahari wakati jua linapotua. Ukitafakari utaona ya kuwa mpango huu haukubuniwa kwa ajili ya watalii tu. Umetoka katika desturi ya Waswahili ya kukaa mkekani na kuzunguka sinia moja. Mwenye hoteli aliichukua desturi ya mahali, akaitunza vizuri, na watu kutoka nchi za mbali hulipa fedha nyingi ili kukaa chini kama wenyeji wanavyokaa bure.

Kadhalika huko Diani, kusini ya Mombasa, uko mgahawa unaoitwa Ali Barbour's, uliomo ndani ya pango la matumbawe. Sehemu ya juu ya pango iko wazi, na wanaokula usiku huziona nyota. Na huko Michamvi Pingwe, Unguja, uko mgahawa mdogo uitwao The Rock juu ya jabali katika bahari. Maji yakitoka wageni huenda kwa miguu, na maji yakijaa huvushwa kwa mashua. Wenye migahawa hii mitatu wamefanya jambo moja: kabla ya kununua pambo, waliuliza mahali penyewe pana nini.

Lakini hapa nataka kuonya. Mtu wa Tukuyu asiende Unguja akarudi na paa lililo wazi. Tukuyu iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000, na mwezi wa Juni na Julai sote tunajua baridi yake. Kuta nyeupe na upepo ni raha kwa mtu wa pwani anayekimbia joto. Mtu wa kwetu anakimbia baridi. Anataka mbao, mianzi, rangi za udongo, na moto anaoweza kuuona. Tuige akili ya mtu wa pwani, nguo yake tumwachie.

3. PICHA YA BWALO LA MILANO

Nimetaja ya kuwa baadhi ya wenzetu wanataka picha kubwa ichorwe ukutani mwa bwalo. Shauri hili si geni. Picha iliyo mashuhuri kuliko zote za namna hiyo ilichorwa katika bwalo la watawa huko Milano, nchi ya Italia, katika nyumba ya Santa Maria delle Grazie. Mchoraji alikuwa Leonardo da Vinci, naye aliichora kati ya mwaka 1495 na 1498 hivi. Ni picha ya Karamu ya Mwisho. Urefu wake ni karibu mita 9, na kimo mita 4 na nusu. Leonardo aliichora ili chumba kilichomo katika picha kionekane kama kinaendelea kutoka katika bwalo lenyewe. Watawa walipokaa kula, waliona meza nyingine mbele yao, yenye kitambaa cheupe na mikate kama yao. Picha na chumba vikawa kitu kimoja.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Desturi ya mafundi wa Italia ilikuwa kuchora kwa njia ya fresko. Fundi hupaka chokaa mbichi ukutani, na wakati chokaa ingali na unyevu hupaka rangi iliyochanganywa na maji. Chokaa inapokauka hunyonya kaboni dayoksaidi kutoka hewani, ikageuka kuwa jiwe, yaani kalisiamu kaboneti, na rangi hufungwa ndani ya jiwe hilo. Ubaya wake ni kwamba fundi hana budi kufanya haraka, sehemu kwa sehemu, kabla chokaa haijakauka. Leonardo hakupenda haraka. Alipenda kutazama, kufikiri, na kurekebisha. Kwa hiyo alichora juu ya ukuta mkavu. Ukuta ulikuwa na unyevu, na rangi haikushika. Picha ilianza kubanduka hata kabla ya miaka 25 kupita. Mwaka 1652 watu walikata mlango ukutani wakaondoa sehemu ya chini, ilipo miguu ya Yesu. Mwezi wa Agosti, 1943, katika Vita ya Pili ya Dunia, bomu lilibomoa sehemu kubwa ya bwalo, lakini ukuta wa picha, uliokingwa kwa mifuko ya mchanga, ukasimama. Kazi kubwa ya kuitengeneza ilichukua zaidi ya miaka 20, ikamalizika mwaka 1999.

Katika bwalo lilo hilo, ukuta wa upande wa pili, iko picha nyingine iliyochorwa na Donato Montorfano mwaka 1495 kwa njia ya fresko. Montorfano si mchoraji wa sifa kama Leonardo. Lakini picha yake imehifadhika vizuri zaidi. Hapa yako mafundisho makubwa: akili ya mchoraji haiwezi kushindana na unyevu wa ukuta. Mwenye kutaka kupamba, kwanza aupime ukuta.

Basi tuutazame ukuta wetu. Bwalo letu liko katika nchi ya mvua. Upande unaoelekea mlimani rangi imefura na kubanduka chini, na mkono ukiugusa asubuhi husikia ubaridi wa maji. Tukichora picha kubwa juu ya ukuta huo, tutapata yale aliyoyapata Leonardo, bila ya kupata sifa zake.

4. PICHA ZILIZOKATALIWA

Iko habari nyingine, ya mgahawa hasa, nayo inatufundisha kitu kingine. Mwaka 1959 ulifunguliwa mgahawa wa fahari uitwao Four Seasons katika jengo la Seagram, New York. Msanifu Philip Johnson alipanga vyumba vyake. Mwaka mmoja kabla ya kufunguliwa, mchoraji Mark Rothko alikuwa amepewa kazi ya kuchora picha kubwa za chumba kimojawapo, kwa malipo makubwa. Rothko alichora picha nyingi kwa rangi nyekundu iliyokolea, za zambarau na nyeusi, zilizo kama milango iliyofungwa. Inasimuliwa ya kuwa alitaka matajiri wakizitazama wakose hamu ya kula. Kisha akaenda na mkewe kula katika mgahawa ule, akaona mahali penyewe na watu wake, akakataa kuziweka picha zake humo, akarudisha fedha. Picha tisa kati ya hizo alizitoa kwa jumba la Tate, London, nazo zilifika huko mwezi wa Februari, 1970, siku ile ile aliyofariki.

Wako watakaosema Rothko alikuwa mtu wa ajabu. Mimi naona alikuwa mkweli. Alijua ya kuwa picha ina kazi yake na chumba kina kazi yake, na kazi hizo mbili zikipingana mmoja ataumia. Picha yaweza kuwa kubwa mno katika sanaa, na bado isifae mahali watu wanapokula. Mahali pa kulia panataka picha inayomkaribisha mtu.

5. FUNDI WA KWETU ANAYETUFAA

Sasa njia yetu imeonekana. Ukuta una unyevu, kwa hiyo tusichore juu yake. Twataka picha zinazokaribisha, kwa hiyo tusitafute za huzuni. Tena hatuna fedha nyingi. Ni nani aliyepata kuwa na shida kama zetu akazishinda?

Jibu ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam, ambako alifanya vibarua na kazi za nyumbani. Hakusoma shule ya sanaa. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora, na kwa kuwa hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, alitumia mbao laini za dari na rangi ya mafuta inayong'aa, ile inayopakwa baiskeli. Mbao zake nyingi zilikuwa za mraba, karibu sentimita 60 kwa 60. Alichora wanyama, ndege na watu kwa rangi zilizo wazi, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores huko Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, alipopigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa kuwa mhalifu. Lakini aliokuwa amewafundisha waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo mtindo wake unajulikana duniani kwa jina lake.

Angalieni hekima yake. Rangi ya mafuta hufutika kwa kitambaa, haiogopi moshi wala mvuke. Ubao huondolewa ukutani ukuta ukitaka kupakwa rangi, na hurudishwa baadaye. Ukiwekewa vipande vidogo vya mti nyuma, hewa hupita kati ya ubao na ukuta, na unyevu hauufikii. Picha ya namna hii inalifaa bwalo la Rungwe kuliko fresko na kuliko karatasi.

Wala tusione haya kuchora mambo ya kwetu. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Migomba ya Machame imeingia New York. Migomba ya Tukuyu imekosa nini hata isiingie katika bwalo letu?

6. KANUNI ZA KUPANGA CHUMBA

Baada ya mifano, sasa nitaeleza kanuni chache za kufuata, kwa bwalo na kwa mgahawa.

(a) Vipimo. Meza ya kulia huwa na kimo cha sentimita 75, na kiti sentimita 45. Kila mlaji apewe nafasi ya sentimita 60 mezani ili viwiko visigombane. Njia ya mpishi au mhudumu isipungue sentimita 90.

(b) Kimo cha picha. Katika majumba ya sanaa watu hutazama wakiwa wamesimama, na kitovu cha picha huwekwa karibu sentimita 150 kutoka sakafuni. Lakini mlaji amekaa. Tulipimana darasani tukaona macho ya mtu aliyekaa yako karibu sentimita 120 kutoka chini. Kwa hiyo picha za chumba cha kulia zishushwe kidogo, ila zisigongwe na vichwa wala migongo ya viti.

(c) Mwanga. Mwanga wa taa uelekee rangi ya moto, yaani manjano. Taa nyeupe inayoelekea buluu huifanya nyama ionekane imechacha na nyuso za watu zionekane za wagonjwa. Afadhali taa ndogo kadhaa zilizoshushwa karibu na meza kuliko taa moja kali darini. Kivuli cha taa chaweza kusukwa kwa mianzi, na gharama yake ni ndogo.

(d) Rangi. Nyekundu ya udongo, manjano ya ndizi mbivu, na rangi ya maziwa hupatana na chakula. Chini ya ukuta, mpaka kimo cha mita moja na robo, ipakwe rangi ya mafuta iliyokolea ili uchafu ufutike. Juu yake ipakwe rangi ya maziwa ili mwanga wa nje, ambao kwetu hupungua kwa mawingu, usipotee.

(e) Sauti. Hili wengi hulisahau. Saruji, bati na vioo hurudisha sauti, na kila mtu hupaza yake ili asikiwe; ndiyo sababu ya makelele ya bwalo letu. Vitu laini humeza sauti. Mikeka ikitundikwa ukuta wa nyuma, mbali na jiko, itapamba na itatuliza makelele kwa pamoja.

(f) Kiasi. Chumba chenye kila kitu hakina kitu. Chagueni pambo moja kuu, na mengine yalifuate hilo.

7. MAZUNGUMZO NA MWENYE MGAHAWA

Wakati wa likizo nilimsaidia mama mdogo, ambaye ana mgahawa mdogo karibu na stendi. Alikuwa anataka kuondoa vibao vya mianzi ukutani na kubandika karatasi zenye picha za matunda ya ng'ambo, zabibu na tufaha. Nilimwambia, "Mama, hapa unauza ndizi na maziwa. Kwa nini ukuta unauza zabibu?"

Akanijibu, "Mwanangu, mteja hali ukuta."

Nikamwambia, "Ni kweli, mama. Lakini ukuta ndio unaomwambia aingie au apite."

Alinyamaza kidogo, akasema, "Na ukuta wako utanigharimu shilingi ngapi?" Tuliketi tukapiga hesabu. Kuisugua mianzi na kuipaka vanishi kulikuwa na bei ndogo kuliko karatasi. Kwa fedha zilizobaki alinunua vyungu viwili vya Kisi, kimoja akakitia maji ya kunawa, kingine akakitia maua ya porini. Siwezi kusema ya kuwa wateja waliongezeka mara mbili, hayo hayakutokea. Lakini nilimwona dereva mmoja wa lori akikishika kile chungu, akauliza kimetoka wapi na kinauzwaje. Siku ile mfinyanzi wa Ikombe alipata mteja bila ya kutoka nyumbani kwake. Hii ndiyo sababu nasema mapambo si anasa tu. Mgahawa mmoja ukipambwa kwa vitu vya wilaya hii, fedha huzunguka kwa mfinyanzi, msusi wa mikeka, mkata mianzi na mchoraji. Ukipambwa kwa plastiki, fedha huenda zilikotoka plastiki. Na ufundi usiopata mnunuzi hufa pamoja na bibi aliyekuwa nao.

8. SHAURI LANGU JUU YA BWALO

Kwa kumalizia naleta shauri hili mbele ya walimu na wenzangu. Kwanza, mifereji ya paa upande wa mlimani itengenezwe na ukuta uachwe ukauke, kabla hata ya kufungua kopo la rangi. Pili, kuta zipakwe rangi mbili kama nilivyoeleza. Tatu, kila kidato kichore mbao mbili: kidato cha kwanza migomba na ng'ombe, cha pili wachuma chai wa Katumba, cha tatu Mlima Rungwe na Ziwa Ngosi, na sisi wa cha nne wafinyanzi wa ziwani. Mbao nane zatosha. Nne, mlangoni viwekwe vyungu vya Kisi vya maji ya kunawa, vyenye vifuniko na kata. Tano, meza zipangwe watu waonane nyuso, kama ukwangala unavyotaka.

Wako wanaosema sisi wa kidato cha nne tunaondoka, bwalo latuhusu nini? Nawajibu hivi: mtoto wa kidato cha kwanza huingia bwalo hili mara ya kwanza akiwa mgeni, hajui mtu, naye hukumbuka kwao. Akiona ukutani migomba na mlima anaoujua, atajua yuko nyumbani. Kama anatoka mbali, atajua amefika mahali ambapo watu wanapapenda kwao. Zawadi hiyo tunaweza kuiacha kwa bei ya mbao nane na makopo machache ya rangi.

Haya ndiyo machache niliyokuwa nayo. Mwenye shauri lililo bora kuliko langu na aliandike katika toleo lijalo, tulisome sote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini picha ya Montorfano imehifadhika kuliko ya Leonardo, ingawa zimo katika bwalo moja.
2. Zidaka zilisaidiaje chumba chembamba?
3. Kwa nini mpango wa paa lililo wazi unafaa Unguja wala haufai Tukuyu? Toa sababu mbili.
4. Meza moja ina urefu wa sentimita 240. Watakaa walaji wangapi kila upande, kwa kufuata kipimo kilichotajwa?
5. Tembelea mgahawa wowote ulio karibu na kwenu. Andika vitu vitatu vilivyomo ukutani, na useme kila kimoja kimetoka wapi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne